Siku Tonton Déo Alipoitikia Wimbo wa Wanawake

Naona afadhali niitaje aibu yenyewe mapema, maana katika kikundi chetu cha waandishi wako watu walioisikia nusunusu na sasa wanaizungusha Brussels nzima ikiwa na chumvi ambayo siku ile haikuwepo. Ndiyo, ni mimi niliyemweka mwanamume stoo kwenye hafla ya wanawake. Ndiyo, mwanamume huyo ni Tonton Déo, kaka wa mama yangu, aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii nikiwa na sanduku moja na mashairi mabaya. Ndiyo, alitokeza mbele za watu na soksi miguuni. Lakini wanaosema alikuwa na soksi peke yake wamwogope Mungu, jamani, alivaa suruali, shati na sweta juu yake, yule ni mwimba besi wa kanisa kule Anderlecht na heshima yake anayo. (Soksi zilikuwa na tundu. Hilo silikatai.)

Mambo yalianzia kwenye ngazi. Nilikuwa napanda kwenda kwenye fleti yangu hapa Ixelles, mfuko wa viazi mkono mmoja, simu mkono mwingine, nikimgombeza mdogo wangu aliyeko Bukavu kwa sauti ambayo mtu huitumia akiamini hakuna jirani anayemwelewa, mara mlango wa ghorofa ya kwanza ukafunguka na bibi mmoja wa Kizungu akatoa kichwa, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, nywele nyeupe, midomo imepakwa rangi nyekundu ya sherehe, akaniambia:

"Weye, usisemee mutoto ya watu hivyo. Atakata simu, na atakuwa na haki."

Viazi vilishuka ngazi zote.

Ndivyo nilivyomjua Maman Sarina. Ni Myahudi aliyezaliwa Lubumbashi. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rhodes, kule kati ya Ugiriki na Uturuki, wakafungua duka la vitambaa Katanga, naye akakua na lugha tatu kinywani: Kifaransa cha shule, Kiswahili cha uani, na Ladino, Kihispania cha zamani ambacho akina mama wa Kiyahudi wa kwao walikibeba karne hata karne kama mtu anavyobeba moto kutoka jiko moja hadi jingine. Kiswahili changu kwake ni kichekesho. (Nilisoma Kigoma enzi za ukimbizi, nikatoka huko na ngeli zangu zimenyooka.) "Weye unasema sawa gazeti," huniambia, kisha ananisukumia sahani ya mikate yake ya kusokotwa yenye mchicha na jibini, na hapo sina la kujibu kwa sababu mdomo umejaa.

Akikanda unga anaimba. Hajui kukanda bila kuimba, mikono ikisimama na wimbo unasimama, ukitaka ubeti wa pili umwongezee unga. Ana nyimbo za bibi harusi anayepelekwa kuoga siku moja kabla ya ndoa, nyimbo za mzazi aliyejifungua, nyimbo za kumzomea mkwe kwa adabu. Hakuna aliyeziandika. "Baba yangu alikuwa na vitabu na sinagogi," aliniambia siku moja, "mama alikuwa na mikono na mudomo. Alors, vitabu tuliacha Lubumbashi. Mudomo tulikuja nayo." Binti yake mwenyewe hakuzitaka nyimbo hizo, alitaka zile za Kifaransa za televisheni, na Maman Sarina aliamini kuwa zitazikwa pamoja naye mpaka alipozaliwa mjukuu aliyekuwa akikaa chini ya meza ya kukandia na kushika kila neno. Huyo ndiye Noemi.

Noemi ni mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana, mama wa watoto wawili, mwanamke mwenye vilemba vya rangi ambavyo mama zangu wa Kivu wangevionea wivu. Alipoolewa alichagua kuishika sheria ya dini zaidi kuliko bibi yake alivyowahi kuishika, na katika sheria hiyo, kama wanavyoifuata wao, mwanamume asiye wa nyumba yake hatakiwi kumsikia mwanamke akiimba. Bibi yake aliimba harusini mbele ya mji mzima. Yeye huwaimbia wanawake na wasichana tu. Mimi, ambaye niko katika umri wa kujua kila kitu, niliposikia hivyo mara ya kwanza niliweka uma chini nikamhutubia. Nilimwambia sauti ya mwanamke imefungwa vya kutosha duniani, kwa nini aongeze kufuli la kwake? Alinisikiliza mpaka mwisho (ana subira ya walimu), kisha akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu:

"Faida, wewe unaona mlango umefungwa. Mimi naona mlango wenye mwenyewe."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Anayeimba."

Sikukubaliana naye. Lakini siku chache baadaye alinifunulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: alikuwa ametunga. Maman Sarina alikumbuka maneno ya wimbo mmoja wa bibi yake, maneno matupu, wimbo wenyewe ulipotea njiani, ni maneno ya mama anayekesha na mtoto mgonjwa na kuwaita wanawake wa jirani mmoja mmoja waje wakae naye. Noemi aliyatafutia sauti muda mrefu, jikoni kwake, maji yakichemka ili asisikike. Na sasa alitaka kuuimba mbele ya wanawake, alasiri ya Jumapili, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi si mbali na barabara ya Ixelles. Bibi yake hajausikia. Hakuna mtu mzima aliyeusikia.

"Kikiharibika kitu siku hiyo," aliniambia, "sitajaribu tena. Najijua."

Maman Sarina naye akanishika mkono ngazini, vidole vina unga: "Faida, saidia ile mutoto. Akifunga mudomo, njo mwisho yetu." ("Njo" ya kwao ni "ndio" yetu.)

Wimbo ulihitaji ngoma ndogo ya kushikilia mwendo. Zamani wanawake wa kwao walipiga tari. Na nani akafungua mdomo? "Niachieni mimi," nikasema, "kwetu ngoma haijawahi kuwa tatizo."

Nilimpata dada mmoja mwanafunzi, mpigaji hodari, tukakubaliana, na asubuhi ya Jumapili akanipigia kwa sauti iliyokauka kabisa, homa imemlaza, hawezi hata kunyanyua kijiko. Bon. Nikafikiri haraka, na mimi nikifikiri haraka huwa ni hatari kwa jamii. Nikajiambia nitapiga mwenyewe, mwendo wenyewe ni rahisi, Noemi alinigongea mezani, nilipiga ngoma shule ya Jumapili nikiwa mtoto (nilinyang'anywa baadaye, lakini nilipiga). Ngoma nitaazima kwa Tonton Déo. Ataileta, ataiweka, ataondoka. Wanawake wenyewe watafika baadaye.

Tonton alikuja moja kwa moja kutoka shifti ya usiku kwenye ghala, macho mekundu, ngoma begani. Nikampeleka kwenye stoo iliyo nyuma ya jukwaa, mahali wanapopanga viti, chumba kisicho na dirisha wala mlango mwingine. Nikamwambia aiache tu hapo.

"Faida, mutoto ya dada yangu," akasema, "ngoma haiko mukate. Hauwezi kuipatia muntu tu hivi. Ngozi imelegea, baridi imeikamata. Niache niikaze."

Akavua viatu, akakaa chini, akaanza kukaza kamba na kugonga kwa kidole na kutega sikio, kukaza na kugonga, na mimi nikichungulia saa. Alipokuwa anamalizia nikasikia mlango wa barabarani. Nikachungulia ukumbini. Noemi alikuwa amewahi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mstari wa mbele, koti bado mwilini, kichwa kimeinama, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa anaupitia wimbo ndani yake. Usoni alikuwa na utulivu ule wa mtu aliyebeba maji kichwani na hataki mtu amsalimie.

Hapa ndipo pa kunichapa. Nilichotakiwa kufanya ni kusema: "Noemi, mjomba wangu yuko nyuma, ameleta ngoma, anatoka sasa hivi." Sentensi moja. Mimi, ambaye kazi yangu ni sentensi! Nikamwangalia, nikaona aibu kumvuruga, nikarudi stoo nikamwambia Tonton:

"Kaa hapa kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Mpaka wakienda kunywa chai. Nitawapeleka wote jikoni, wewe utoke. Ni mkutano wa wanawake, Tonton, hawatakiwi kukuona. Wala wewe kuwasikia wakiimba." Nikamvisha hedifoni zangu, nikamwekea mpira. "Usikohoe."

"Nani anacheza?"

"Yeyote, Tonton!"

Akajilaza kwenye rundo la mazulia. Nikatoka na ngoma, nikafunga mlango nikijisifu kuwa hata sheria nimeilinda, maana asiyesikia hasikii. Mpango ulikuwa mzuri: kwanza wazungumzaji, halafu chai na Tonton nje, halafu Noemi.

Wanawake wakaja, ukumbi ukajaa, na nataka mjue kilikuwa ni kitu kizuri kabla sijakiharibu. Alikuwepo mama mmoja mwenye miwani mikubwa ambaye katika sinagogi lao husimama mbele na kuisoma Torati kama wanaume, na pembeni yake amekaa mwanamke mwenye wigi la kistara, la kuficha nywele zake mbele ya wanaume, ambaye kwao jambo hilo halifanyiki, wakigawana biskuti. Mwingine alionyesha kitambaa cha kufunikia mkate wa Sabato ambacho wanawake wa ukoo wao hukitarizi kwa zamu, kila mmoja anaacha kona tupu kwa anayekuja. Binti mmoja alisoma shairi la kuachana na mchumba, akachekwa kwa mapenzi. Mwanamke wa wigi alihisi joto, na kwa kuwa tulikuwa wanawake peke yetu akalivua akaliweka magotini, akalipapasa kama paka.

Nikasimama kutangaza chai. Maman Sarina, mbele kabisa, akainua mkono.

"Chai itangojea. Miye niko na miaka mingi, siko na nguvu ya kungoja. Noemi aimbe sasa."

Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kifaransa, watu wakapiga makofi, na Noemi akavua koti. Ningefanya nini? (Najua. Najua ningefanya nini. Nyamazeni.) Nikapanda jukwaani, nikaiweka ngoma katikati ya magoti, nikaanza.

Na Noemi akaimba.

Wimbo uliingia chini, mahali ambapo sauti bado ni pumzi, ukapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi gizani akipapasa ukuta. Mstari wa kwanza mama anamwita jirani. Kisha Noemi akanyamaza, kwa sababu hapo aliacha nafasi ili wanawake waitikie, alishawaeleza kabla ya kuanza kwamba wavumishe tu sauti, yoyote. Lakini wale ni watu wa kumbi za Ulaya, wamefundishwa tangu utotoni kwamba muziki husikilizwa mikono ikiwa mapajani. Hakuna aliyeitikia. Mwito ukabaki hewani. Akaimba mstari wa pili, akamwita jirani mwingine, akaacha nafasi tena, na macho yake yakawa yanawaomba.

Ikaja sauti ya besi.

Ilitoka nyuma yetu, nzito, ya asali, imekaa chini ya sauti yake mahali penyewe hasa, "Eeeee, mmmm," sauti ya mwanamume aliyesimama mstari wa nyuma wa kwaya maisha yake yote. Mifupa yangu iliitambua kabla ya masikio. Hedifoni zimeisha chaji, na mtu wa watu yuko usingizini, na anaota yuko kanisani.

Noemi aliganda. Na mimi, ili kuifunika sauti ile, nikaipiga ngoma kwa nguvu. Nikapiga tena, haraka zaidi, nikakanyaga mwendo wote, ikawa kama mtu anaangusha masufuria. Basi hilo ndilo lililomwamsha kabisa, kwa sababu Tonton Déo anaweza kulala katikati ya vita lakini hawezi kulala mtu akiharibu mwendo.

"Faida! Hapana! Un, deux, trois, et un! Unakimbia!"

Ukumbi mzima ukageukia mlango wa stoo. Mtu akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani huyo?"

"Ni mabomba," nikasema. "Nyumba za zamani hizi. Maji yakipita."

Mama wa miwani mikubwa akanitazama kwa utulivu. "Bomba," akasema, "linajua jina lako."

Mlango ukafunguka. Tonton akasimama hapo, amekunja uso kwa sababu ya mwanga, alama ya zulia imechorwa shavuni, soksi, tundu, kidole gumba. Akaona wanawake. Wanawake wakamwona. Mwanamke wa wigi alipiga ukelele akalirudisha kichwani, la mbele likaja nyuma, nywele zikamfunika pua, jirani yake akawa anamsaidia na kuzidi kuliharibu. Vitambaa vya kichwa vikaruka. Kiti kikaanguka. Tonton, badala ya kurudi ndani na kufunga mlango kama mtu mwenye akili, akafanya alivyolelewa, maana ukiingia mahali penye mama zako unasalimia:

"Bonjour, bamaman."

Ni Maman Sarina aliyetuokoa, kama kuokolewa ni neno lake. Alikiondoa kitambaa cha meza ya keki kwa mkupuo mmoja (keki zikabaki, sijui alijifunzia wapi), akakwea jukwaani na miaka yake yote, akamtupia Tonton kichwani.

"Papa, usiangalie! Nipe mukono! Twende!"

Wakapita katikati ya viti, bibi mdogo anaongoza, jitu refu limefunikwa maua ya kudariziwa linafuata, likiinama kulia na kushoto kama askofu, na kila safu likisema kwa unyenyekevu kutoka ndani ya kitambaa: "Pardon, bamaman. Pardon sana. Pardon, maman." Safu ya tatu walianza kucheka. Safu ya nyuma walikuwa wanalia kwa kicheko. Hata wigi lilikuwa linatikisika. Nami nikaanza kucheka, kwa woga, mpaka nilipogeuka.

Noemi hakuwa anacheka. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, si kama mtu anayezuia kicheko. Alishuka jukwaani akaenda jikoni.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka, haoshi chochote.

"Ulijua yuko mle?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoingia. Nilikuona umetulia, nikaogopa kukuvuruga. Nilimpa hedifoni, nikadhani..."

"Ulidhani ni kuhusu masikio yake." Akafunga bomba. "Faida, mimi simchukii mjomba wako. Hakufanya kosa, alikuwa amelala, maskini. Na wala sitashangaa ukiandika kwamba sheria yetu ni ngumu. Andika. Lakini kila siku ya maisha yangu kuna mtu anayejua vizuri kuliko mimi wapi niimbe na wapi ninyamaze. Wako wanaotaka ninyamaze. Wako, kama wewe, wanaotaka nipaze sauti. Leo ilikuwa siku yangu ya kuchagua nani ananisikia. Ukanichagulia."

Nilikuwa na "Nisamehe," nikaisema, ikasikika ndogo.

Ukumbini walikuwa bado wanacheka na kuokota viti. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake inapigana na kitu.

"Bomba," akasema.

"Ndiyo."

"Ulisema ni bomba."

"Niliona litafaa."

Akafuta macho kwa ncha ya kilemba chake. "Nenda kakae naye nje," akasema. "Usirudi mpaka nimalize. Nataka kujua kwa hakika yuko wapi, na nani yuko naye." Akasimama wima, akapitisha viganja usoni, akarudi kwenye jukwaa lake.

Maman Sarina alinitoa mpaka barabarani kwa mikono yake miwili na nyuma yangu nikasikia ufunguo ukizungushwa. Viatu vya Tonton vilikuwa bado stoo.

Basi ndivyo ilivyokuwa, waungwana: ile alasiri niliyoihangaikia mimi, wanawake wale wako ndani penye joto na wimbo unazaliwa, na mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango, Brussels inanyunyiza ile mvua yake isiyojua kama ni mvua, nimemfunga mjomba wangu miguu kwa skafu yangu kama mtoto mchanga. Alikuwa amejiziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Tonton, ukuta ni mnene. Hapa wimbo hausikiki hata ungetaka."

"Miye sijui ukuta. Nimeambiwa nisisikie, sisikii." Kisha, akiwa ameziba vilevile, akaanza kueleza kwa sauti ya juu kama watu wanaojiziba wanavyosema: "Faida, nilikuwa nalala! Nikasikia muntu anaita, hakuna anayeitika! Kwetu ukimuacha muntu anaita peke yake, ni sawa umemuacha barabarani! Bon, nikaitika!"

Mabasi yakapita. Wanafunzi wawili wakasimama wakamwuliza kama anaumwa masikio, akawajibu "Oui, oui," wakampa peremende.

Kuna kitu kimoja kilitufikia kutoka ndani, nacho ni makofi, kisha vigelegele vikali vya mtu mmoja, na nilimjua mwenye navyo, hakuna mwingine pale aliyekulia Lubumbashi. Nikatoa machozi hapohapo kwenye ngazi, nusu kwa furaha na nusu kwa kijicho.

Baadaye nilisimuliwa kwamba Noemi alipanda jukwaani akasema: "Tumejifunza jambo. Msipoitikia nyinyi, mnajua nani ataitikia." Kicheko kikavunja kile kiambaza cha adabu walichokuja nacho, akaanza upya bila ngoma, na safari hii kila alipoita, wakaitika wote, wa Torati na wa wigi, hata waliokuwa hawajawahi kuimba mbele ya mtu.

Mlango ulipofunguliwa, Maman Sarina alitoka kwanza na viatu mkononi, rangi ya midomo imefutika yote. Nikamwuliza ilikuwaje. Alimwekea Tonton viatu miguuni, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Papa, sauti iko muzuri sana. Ni mwenyewe njo hatumuhitaji." Kisha akarudi ndani akiwa anafuta macho.

Noemi akafuata. Tonton alipomwona akasimama, akageukia ukuta, viganja bado masikioni.

"Mwambie nimemaliza," akasema Noemi.

"Tonton, amemaliza!"

"Sisikii! Mpaka amalize!"

"AMEMALIZA!"

"Pardon, ma fille!" Tonton akaulilia ukuta. "Miye niko na mabinti pia! Pardon!"

Na hapo Noemi alicheka, mwishowe, alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akaenda akamgusa Tonton kwa ncha ya mwavuli begani (mkono wake haumgusi mwanamume wa nje) ili ajue amesamehewa. Mimi nilidhani na yangu yamekwisha, nikamsogelea nikasema ningependa siku moja kuusikia wote, jikoni kwake, wakati wowote.

"Siku nitakayotaka," akasema. "Nitakuambia." Alisema kwa upole, akanibusu shavuni. Lakini hakutaja siku.

Hadi leo nina mistari miwili. Nimejaribu kuiweka katika riwaya yangu, nimeandika sura nzima kuhusu wimbo ambao msimulizi hajausikia, nikaifuta, maana kila nilipofika mstari wa tatu nilianza kuubuni, na huo si wangu kuubuni. Kwa hiyo naapa mbele yenu, na mnishike kwa hili: ngoma sitaigusa tena, hilo la kwanza na mtashukuru wote. La pili, sitamweka mtu nyuma ya mlango ambao mwenyewe hajui kama kuna mtu. Mtu akinipa sharti nisilolipenda, nitalibishia mezani kwa sauti yangu yote, nikilikubali nitalishika lote, sitachagua kipande kinachonifaa.

Juzi nilikuwa napanda ngazi, mlango wa ghorofa ya kwanza uko wazi, harufu ya jibini inatoka, na Maman Sarina yuko ndani anakanda. Nikasimama kumsalimia. Alikuwa anaimba, nikaitambua ile njia ya chini kabisa, ya pumzi. Mstari wa kwanza. Wa pili. Akavuta hewa aingie wa tatu, na mimi nikajikuta nimeangusha mfuko na viganja vyangu viko masikioni.

Mikono ikasimama katika unga. Akanitazama. Alisema kitu, nikatikisa kichwa. Akanijia mpaka mlangoni, akanibandua kiganja kimoja kwa vidole vyake vyeupe.

"Nini sasa?"

"Maman, usiumalize. Noemi hajaniruhusu."

Aliniangalia, bibi yule, kisha akaanza kucheka kutoka tumboni, unga ukidondoka ngazini.

"Aa, Faida," akasema. "Sasa na weye umekuwa mwanaume?"